Matundu Manne

Jumamosi, Hull, nyuma ya Hessle Road,
gereji za kupanga zenye milango ya bati;
namba kumi na saba ni yetu hadi mwisho wa mwezi.
Volvo imepanda stendi mbili, mkia juu.
Magurudumu ya mbele nimeyakaba kwa matofali,
maana propela ikishatoka, gia haishiki kitu.

Tausi yuko kwenye usukani, miaka kumi na mmoja,
koti juu ya koti. Kazi yake hendibreki.
"Vuta!" Anavuta. Nabana spana, nati inalia, inakubali.
"Achia!" Naizungusha robo, nati nyingine inashuka usoni.
"Vuta!"
Ya tatu ina kutu ya chumvi ya barabarani,
majira kumi ya baridi yamelala juu yake.
Naipulizia mafuta. Nasubiri. Naitukana kidogo,
kwa Kidigo, mtoto asielewe.
"Nimesikia," anasema huko juu.

Kisha: "Baba, propela si ya ndege?"
Ya ndege ina mapanga, hii haina.
Hii ni fimbo tu, inabeba neno la injini
kulipeleka nyuma, bila kuongeza, bila kupunguza.
Au ndivyo inavyotakiwa.
Yetu ilikuwa mmbea.
Kila tukifika maili hamsini ilianza kutia chumvi:
sakafu ikatetemeka, kioo kikazaa pacha wa kila gari,
meno ya mama yake yakagongana katikati ya sentensi.
Nilibadilisha tairi. Nikalaumu barabara.
Mwaka mzima nikaendesha maili arobaini na tisa,
malori yakinipigia honi hadi Goole.

Kabla ya kuishusha nilitia alama,
mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, ya Mashavu mke wangu
(hajui, na shairi hili asisomewe),
kutoka flanji ya propela hadi flanji ya difu,
ili irudi palepale ilipotoka.
Nilifundishwa hivyo: alama kwanza, spana baadaye.

Ikashuka kifuani kwangu, nzito, baridi.
Krosi mpya nimezigonga kwa nyundo na soketi,
beringi ya kati mpya, mpira wake bado unanuka duka.
Nasugua flanji kwa brashi ya waya
na chini ya tope na grisi ya miaka
naona mkwaruzo. Mmoja, wa patasi, mnyoofu.
"Mulika hapa."
Tausi ameshuka, amelala sakafuni kando yangu.
Kwenye difu upo mwenzake.
Naegesha propela kwenye rangi yangu:
mikwaruzo inapeana mgongo, mmoja juu, mmoja chini.

Kuna mtu alipiga patasi, labda Bwana Ollerenshaw
aliyeniuzia gari hili huku akipangusa macho,
na kuna mtu mwingine hakusugua, hakuangalia.
Matundu manne. Njia moja ya kupatia, tatu za kukosea,
na kwa zote nne bolti zinaingia bila ubishi.
Hilo ndilo lililonilaza pale nikitazama juu:
kwamba kosa nalo linaingia vizuri,
na mimi, kwa rangi nyekundu, kwa nidhamu,
nilikuwa nimelihifadhi.

"Tunafuata ipi?" anauliza.
Naizungusha nusu. Mkwaruzo kwa mkwaruzo.
Anatia nati kwa vidole, zote, kabla sijakaza hata moja.
Rangi ya mama yake imebaki vipande viwili,
kimoja huku, kimoja kule.

Jioni, barabara ya kuelekea daraja la Humber.
Arobaini na tisa. Mguu wangu umezoea kukataa.
Hamsini. Hamsini na tano.
Sakafu imetulia kama maji mtungini.
Kioo kinaonyesha lori moja, moja tu.
Na ndani ya ukimya huo, taratibu,
kutoka nyuma kushoto, tukasikia
kile ambacho mtikisiko ulikifunika muda wote:
beringi ya gurudumu, ikinung'unika.

Tausi akanitazama.
"Jumamosi ijayo," nikamwambia.
"Na ile rangi, usiirudishe bado."